Huyu samaki mwenye kidole kidevuni ni domodomo kweli au tunaitana tu majina?

#1 Swali_Tupu
Wakuu habari za jioni. Jana mdogo wangu kaja na samaki wawili, kawatoa kwenye mgono huku Mto Kagera, juu kidogo ya daraja la Kyaka, maji yamejaa hizi mvua. Wote rangi ya kahawia iliyokoza karibu na nyeusi, wanateleza balaa, macho madogo kama punje ya mtama, mkia una kishingo chembamba alafu unafunguka kama mkasi. Wa kwanza ana kitu kama kidole kimetoka kidevuni kinaelekea mbele, laini, ukikigusa kinapinda. Wa pili hana kidole, ana uvimbe tu pale pale kidevuni kama kachomwa na nyuki. Maza kawaona kasema domodomo. Jirani kasema domodomo mdomo wake mrefu umeinama chini hao sio. Mimi samaki ninaowajua ni sato, sangara na dagaa basi. Ni nani hawa?

#2 kadogoo_wa_mwalo
Weka picha mkuu, bila picha hii ni chai

#3 Mtumbwi Mbovu
Hao ni domodomo wachanga tu. Nimevua ziwa hili miaka na miaka, mdomo wa domodomo unarefuka anavyokua kama mkonga wa mtoto wa tembo. Mpe miaka miwili utaona. Uzi ufungwe.

#4 Chuchunge Mkavu
Sisi wa Pwani huyo mbona chuchunge tu 😂 mdomo wa chini umechomoka mbele kama sindano

#5 Swali_Tupu
@kadogoo picha hizo hapo juu nimeongeza. Samahani nimepiga kivulini na simu yenyewe kamera ina ufa. @Chuchunge hapana kaka, chuchunge namjua yule mweupe wa baharini, taya lake ni gumu. Huyu kidole chake ni nyama, na mdomo wenyewe uko juu ya hicho kidole, mdogo kama tundu la kitufe.

#6 Magamba Mawili
Mtumbwi Mbovu nakuheshimu kwenye maji lakini hapa hapana. Mdomo unaweza kurefuka sawa, ila pezi la mgongoni halifupiki. Domodomo wa Ziwa Victoria yule anayejulikana kitaalamu kama Mormyrus kannume pezi lake la mgongo linaanzia mbele huko, hata kabla hujafika usawa wa mapezi ya tumboni, linakwenda mpaka karibu na mkia kama uzio wa shamba, alafu la chini kule nyuma ya haja ni kafupi. Hata akiwa mchanga yuko hivyo hivyo. Sasa angalia picha ya kwanza ya Swali_Tupu, pezi la mgongo limekaa nyuma na linatazamana na la chini, karibu yanalingana, tena naona kama la chini ndo refu kidogo. Hilo ni kundi jingine kabisa ndani ya ukoo mmoja mkubwa, Mormyridae, na huo ukoo una spishi zaidi ya 200 zote za Afrika, hakuna hata mmoja wa asili nje ya bara hili.

Kwa kidole hicho mimi naenda na Gnathonemus longibarbis. Alielezwa na Hilgendorf mwaka 1888, na jina lenyewe maana yake ndevu ndefu. Yuko Victoria na mito inayoingia humo, Kagera ikiwemo. Huyo wa pili mwenye uvimbe nadhani ni wa kundi la Marcusenius, ukoo huo huo, pengine Marcusenius victoriae.

#7 Mtumbwi Mbovu
Haya maprofesa mmefika. Sisi mwaloni wote hao tunaita domodomo na wanunuzi wanaelewa. Ukimwambia mama wa soko nipimie gnatho sijui nini atakupiga na mizani.

#8 kadogoo_wa_mwalo
😂😂😂 nipimie gnatho

#9 Tanki la Kioo
Jamani mbona huyu wa kwanza namfahamu, nilimfuga. Ni Gnathonemus petersii, samaki pua ya tembo, anauzwa dunia nzima kwenye matanki ya mapambo. Kidole kile kile, rangi ile ile. Nilikaa naye miaka minne usiku anatembeza kile kidole kwenye mchanga kama mzee anatafuta miwani gizani. Hapo hakuna mjadala.

#10 Magamba Mawili
Mjadala upo @Tanki. Petersii ni wa Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Niger mpaka bonde la Kongo, Kagera inamwaga Victoria ambayo ni maji ya Nile. Na petersii ana alama ya wazi, mistari miwili myeupe myeupe imesimama wima katikati ya pezi la mgongo na la chini, kama mabano. Swali_Tupu hebu mwangalie mwilini kama ipo.

#11 Swali_Tupu
Kuna kama weupe kidogo upande mmoja ila sijui ni mstari au ni mwanga wa bati, alafu maza keshawapaka chumvi. Upande wa pili sioni kitu.

#12 Tanki la Kioo
Kuna weupe! Nimesema mimi

#13 Magamba Mawili
Upande mmoja tu? Baada ya chumvi? Huo ni mkwaruzo wa mgono kaka.

#14 Tanki la Kioo
Haya tuseme ni mkwaruzo. Lakini sasa nikuulize, na huyo longibarbis wako umemwona kwa macho au umemsoma? Maana mimi muuzaji mmoja aliniuzia samaki akaniapia katoka Kongo, nikaja kugundua hata yeye hajui katoka wapi. Samaki hawa wanapita mikono mingi. Na huyo wangu ndo hana mistari sawa na wa uzi huu, nimekwenda kuangalia picha zangu za zamani sasa hivi. Kwa hiyo inawezekana miaka minne nimelisha mtu nisiyemjua jina 🤦🏾

#15 Bibi Kambare
Wanangu poleni na kazi. Sisi kwetu Ukerewe zamani tulikuwa tunakatazana kumshika domodomo akiwa hai na mikono mibichi, ana umeme. Marehemu kaka yangu alipigwa shoti mpaka akaachia wavu. Mwenye kujua anieleweshe.

#16 Dalali wa Upepo
Shikamoo Bibi. Umeme anao kweli lakini sio wa kumwangusha mtu. Kiungo chake kiko pale kwenye kishingo cha mkia anachosema Swali_Tupu, kinatoa mipigo midogo midogo hata mkono wako hauisikii kabisa. Anautumia kuonea, maana anatembea usiku na kwenye matope. Anatuma mpigo, ngozi yake inapokea, kitu kikipita katikati anajua hili jiwe, huyu funza wa mbu, huyu mwenzangu. Wanaopiga watu shoti ni kambare wa umeme Malapterurus, yule anafika volti zaidi ya 300, yuko Tanganyika lakini Victoria hayupo. Kwa hiyo kaka yako Bibi, Mungu amrehemu, nadhani alichomwa mwiba na gogogo. Gogogo akikuchoma mkono mzima unakufa ganzi unaweza kuapa ni umeme.

#17 Bibi Kambare
Marahaba mwanangu. Gogogo tulimjua tangu tunatambaa, asingemkosea. Lakini asante.

#18 kadogoo_wa_mwalo
Bibi kakujibu kistaarabu ila hajakubali 😂

#19 Mzee wa Karabai
Namuunga mkono Bibi. Mimi pia nilishika domodomo mkubwa Bunda huko, nikasikia kitu kama sisimizi wengi wanapita kwenye kiganja. Sio shoti lakini ni kitu. Labda ukiwa na kidonda mkononi? Labda wakiwa wengi kwenye wavu mmoja umeme unajumlishana kama betri za tochi?

#20 Dalali wa Upepo
Betri za tochi zinajumlishana kwa sababu zimepangwa mstari mmoja zinatazama upande mmoja, na domodomo wanaorukaruka kwenye wavu hakuna aliyewapanga. La kidonda sijui nikupinge vipi. Lakini kuna njia ya kuwasikia bila kushika, hii nimeifanya mwenyewe. Chukua spika yenye amplifaya ya betri, ile ndogo ya mkutano wa hadhara, waya wake wa kuingizia sauti umenye ncha mbili uzitumbukize kwenye beseni lenye samaki hai, mbali mbali kidogo. Utasikia ta.. ta.. tatata.. tatatatata. Ukimsogelea anaharakisha, ukiondoka anapoa. Usitumie kifaa kilichochomekwa ukutani tafadhali, hapo shoti utakayopigwa haitakuwa ya samaki. Mdogo wangu alisikiliza nusu saa akasema samaki anatuma meseji.

#21 Magamba Mawili
Na hilo ndo jibu la uzi mzima kama samaki angekuwa hai. Umbo la mpigo linatofautiana spishi na spishi, ni kama saini. Kule Gabon kuna hawa wa kundi la Paramormyrops ukiwapanga mezani wanafanana hata wataalamu wanakuna kichwa, ila ukichora mawimbi yao kwenye mashine kila mmoja ana lake. Mpigo wenyewe ni mfupi sana, kwa petersii hauzidi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo kwa sikio utasikia ta ta tu, umbo mpaka kifaa cha kuchora. Swali_Tupu ungemwacha kwenye ndoo.

#22 Swali_Tupu
Ningejua mkuu. Maza hana habari za mawimbi.

#23 Chuchunge Mkavu
Ila huyu samaki mbona kama ana akili kuliko wanachama wa humu

#24 Dalali wa Upepo
Umetania ila uko karibu. Ubongo wa petersii peke yake unakula kama asilimia 60 ya oksijeni ya mwili wake mzima, wako wewe unakula kama 20. Sehemu iliyovimba ni ile ya nyuma inayochambua huo umeme unaorudi.

#25 Chuchunge Mkavu
Wangu unakula 20 siku ya mshahara tu

#26 Nyasa Kwetu
Nimefika kuchelewa naona hamjamgusa wa kwetu. Ziwa Nyasa na Ruvuma tunaye mkubwa mwenye mdomo mrefu, Mormyrus longirostris, pezi la mgongo refu kama alivyoeleza Magamba post namba 6. Wenzetu wa Malawi wanamwita samwamowa, maana yake hanywi pombe! Nimeuliza wazee wawili kwa nini, mmoja akasema mdomo wake mdogo hauwezi kupiga kata ya pombe, mwingine akasema ni kwa sababu anakaa peke yake shimoni mchana kutwa hana marafiki wa kilabuni.

#27 Mtumbwi Mbovu
Huyo mzee wa pili ananifurahisha. Kweli mchana domodomo anajificha kwenye mapango ya mawe, ndo maana ukitega karibu na miamba jioni kwa chambo cha nyungunyungu asubuhi unamkuta. Kenya wanamwita suma, Uganda kasulu. Na mnaosema wa Nyasa na wa Victoria ni tofauti mimi niliwahi kula wote, mafuta yale yale.

#28 Magamba Mawili
Kwa ulimi hatuainishi 😂 kannume kaandikwa na Forsskål kitabu kikatoka 1775, mwenyewe keshafariki Yemen huko 1763. Longirostris ni wa Peters 1852. Huyu Peters ndiye waliyempa jina petersii baadaye, Günther 1862, wa Tanki la Kioo.

#29 Ibn Feluka
Mkija Sudan mtacheka, domodomo huku wanamwita khashmul banat, mdomo wa wasichana. Nimefanya kazi huku muda. Alafu Misri ya kale walimwabudu kabisa, kulikuwa na mji Wagiriki wakauita Oxyrhynchus, maana yake pua kali, na samaki mwenyewe wengi wanasema ni huyu Mormyrus ukiangalia visanamu vya shaba walivyoacha. Hadithi yao ni kwamba mungu wao Osiris alipokatwa vipande samaki huyu alikuwa mmoja wa waliokula kile kipande cha uanaume. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, kaandika watu wa mji wa jirani waliokuwa wanamheshimu mbwa walimla samaki huyo, basi wa Oxyrhynchus wakakamata mbwa wakawala kulipiza, ikawa vita.

#30 kadogoo_wa_mwalo
Yani watu walikula mbwa kwa ajili ya domodomo. Mtumbwi Mbovu na Magamba msifike huko tafadhali

#31 Swali_Tupu
Turudi kwa wangu wakuu. Huyu wa pili mwenye uvimbe nimempima kabla ya moto, shibiri moja kasoro vidole viwili, wa kidole ni shibiri moja na zaidi kidogo. Pezi la chini la huyu mdogo mwanzoni lina kama pindo limeingia ndani, la yule mkubwa limenyooka. Sasa isije ikawa ni dume na jike tu tunawapa majina mawili?

#32 Magamba Mawili
Swali zuri sana hilo. Hilo pindo ni la dume, madume wengi wa ukoo huu shina la pezi la chini linaingia ndani, jike limenyooka. Kwa hiyo mdogo ni dume, mkubwa pengine jike au dume ambaye hajakomaa. Ila kidole hakihusiani na jinsia. Dume na jike wa Gnathonemus wote wanacho kidole. Bado nasema ni spishi mbili.

#33 Tanki la Kioo
Au kidole cha mdogo kiliumwa na samaki mwingine kikakatika. Wa kwangu alikatwa nusu na kambare niliyemweka naye kwa ujinga wangu, pakabaki uvimbe hivyo hivyo.

#34 Magamba Mawili
...hilo sikulifikiria. Swali_Tupu ule uvimbe una kovu au ni laini mviringo?

#35 Swali_Tupu
Nilivyokumbuka ni mviringo. Ila sikumchunguza sana, alikuwa na tope.

#36 Mzee wa Karabai
Mimi la kunishangaza sio jina, ni kwamba bado wapo. Utotoni hawa wa kidevu kilichovimba wakati wa masika walikuwa wanapanda mito kuzaa mpaka watoto tunawakamata na vikapu. Sangara walivyowekwa ziwani miaka ya 50 na 60 na kuja kuongezeka, kwisha habari.

#37 Mtumbwi Mbovu
Sangara analaumiwa kwa kila kitu. Domodomo wa miamba sangara hamfikii kirahisi, na usiku yule anamwona sangara kabla sangara hajamwona kama mnavyosema ana rada. Kilichowamaliza ni watu kuziba midomo ya mito kwa nyavu na makokoro msimu wanapanda. Unamkamata na mayai tumboni, mwakani unategemea nini?

#38 Bibi Kambare
Na mabwawa ya mafunjo tuliyolima mpunga je? Watoto wa samaki walikuwa wanakulia mle.

#39 Dalali wa Upepo
Na magugu maji. Kuna wanaosema yaliwasaidia maana chini yake sangara hapendi, hewa haba. Wengine wanasema yaliziba kila kitu.

#40 Mtumbwi Mbovu
Bibi kaongea la maana kuliko sisi wote.

#41 Swali_Tupu
Wakuu nina habari mbaya. Nimetoka kazini nimekuta wa uvimbe ameshaliwa, maza anasema alikuwa na mafuta matamu na anaomba mdogo wangu arudi mtoni. Wa kidole mwili umeliwa, kichwa nimekiokoa mikononi mwa paka.

#42 Magamba Mawili
Aaaah! Mapezi je? Nilitaka uhesabu miale, yale mafito ya ndani ya pezi, la chini na la mgongo, ndo ingekata mzizi wa fitina kati yangu na Tanki.

#43 Swali_Tupu
Mapezi paka alianza nayo.

#44 Tanki la Kioo
Kichwa usitupe, kiweke kwenye spiriti kisioze, kuna watu wanaweza kuangalia meno na hicho kidole

#45 Swali_Tupu
Spiriti sina. Nimekiweka kwenye chupa ya gongo ya baba mdogo, hajui bado.

#46 Nyasa Kwetu
Samwamowa amekunywa jamani 😭😂

#47 Mtumbwi Mbovu
Mwambie mdogo wako akirudi mtoni atege karibu na mafunjo sio katikati, na ndoo awe nayo. Na Dalali aje na spika yake.

#48 Dalali wa Upepo
Spika ipo, nauli ndo sina

#49 mgeni_wa_leo
Habari, nimesoma mpaka mwisho. Kwa hiyo ni domodomo au sio? Na hizo picha mbona kwangu hazifunguki